Insulini ya Mshipani: Kumwokoa Mgonjwa wa Kisukari Aliyezidiwa

Ninyi mliokusanyika katika vikundi vya kusikiliza, na wewe unayesoma peke yako maneno haya yaliyopigwa chapa, ketini vizuri na mshike kalamu na karatasi, maana leo tutafanya hesabu kidogo. Hesabu yenyewe ni rahisi, kuzidisha na kugawanya tu, lakini ndani yake mna uhai wa mtu.

Leo nataka tuzungumze kana kwamba tumeketi pamoja Mugango, kando ya Ziwa Viktoria. Wewe wa Bunda, wa Butiama au wa mbali zaidi, usidhani kwamba somo hili si lako. Maradhi haya hayaulizi mtu anatoka kata gani.

Nianze kwa swali. Tuseme yuko kijana wa miaka 17, mvuvi wa dagaa. Kwa majuma matatu amekuwa akinywa maji mengi na kuamka usiku mara tano kwenda kukojoa. Amekonda, ingawa anakula ugali wake kama kawaida. Tangu juzi anatapika, tumbo linamuuma, na leo anapumua kwa nguvu na kwa kina kama mtu aliyepanda mlima, naye amelala tu. Je, watu wa nyumbani watasema nini?

Wengi watasema ni malaria, na si ajabu, maana sisi wa kando ya ziwa tunaijua sana. Wengine watasema amelishwa kitu. Hata mhudumu wa zahanati, akiwa na haraka, aweza kudhani ni homa ya mapafu. Huenda ikawa hivyo, lakini dalili hizi nilizozitaja, zikifuatana kwa mpango huo, zinataja ugonjwa mwingine. Ni kisukari kilichofika mahali pa hatari. Kijana huyu asipotibiwa upesi atazimia, kisha atakufa. Akitibiwa sawasawa, aweza kurudi ziwani na kuvua samaki miaka mingi.

KISUKARI NI KITU GANI?

Nyote mnaufahamu mradi wa maji wa Mugango, Kiabakari na Butiama. Maji huvutwa ziwani hapo Mugango, yakasafishwa, yakasukumwa katika bomba kubwa kwenda mbali. Sasa fikirini nyumba iliyo kando ya bomba hilo. Maji yanapita karibu mchana na usiku, lakini kama hakuna wa kufungua koki, watoto wa nyumba hiyo watakaa na kiu. Maji yapo, lakini hayaingii ndani.

Mwili wako ni hivyo hivyo. Ukila ugali, viazi vitamu au wali, tumbo hukigeuza chakula hicho kuwa sukari, na sukari hiyo hupita katika damu kama maji katika bomba. Kila chembe ya mwili ni kama nyumba kando ya njia. Mkono unaoifungua koki ni insulini, nayo hutengenezwa na kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo. Mtu ambaye kongosho lake limeacha kutengeneza insulini, sukari hujaa katika damu yake, lakini chembe za mwili wake zina njaa. Hiyo ndiyo aina ya kisukari inayowashika zaidi watoto na vijana. Iko aina nyingine, inayowapata zaidi watu wazima, ambayo insulini ipo lakini haitoshi, au haifanyi kazi yake vizuri.

Sukari ikizidi katika damu, figo huanza kuitoa kwa mkojo. Lakini sukari haitoki peke yake. Huvuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana mgonjwa hukojoa sana, akapata kiu, akanywa, akakojoa tena. Mwisho anapoteza maji mengi kuliko anavyoweza kunywa.

ASIDI HUTOKA WAPI?

Chembe zenye njaa hazikubali kufa bure. Mwili huanza kuchoma mafuta yake wenyewe. Mafuta yakichomwa ovyo bila insulini, ini hutoa asidi ziitwazo ketoni. Ketoni chache hazina neno, lakini zikiwa nyingi damu huwa kali. Mwili hujaribu kuitoa asidi kwa njia ya pumzi, na kwa sababu hiyo mgonjwa hupumua kwa kina na kwa haraka, na pumzi yake hunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Ukiinusa harufu hiyo kwa mtu anayetapika, usingoje kupambazuke.

Andikeni sasa dalili hizi: kiu nyingi, mkojo mwingi, kukonda, kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kina, harufu ya matunda kinywani, na mwisho kuchanganyikiwa au kuzimia. Wako pia wazee ambao sukari yao hupanda mno na maji yakakauka mwilini bila asidi nyingi. Hao nao wamo katika hatari kubwa, na matibabu yao yanafanana na haya tutakayoyaeleza.

DAWA ILIPATIKANAJE?

Kabla ya mwaka 1922, mtoto aliyepata kisukari cha kukosa insulini hakuwa na tumaini. Madaktari walimnyima chakula ili aishi miezi michache zaidi. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya Profesa John Macleod, walipata dawa kutoka katika kongosho la mbwa, na baadaye la ng'ombe. Tarehe 11 Januari 1922 walimdunga kijana wa miaka 14, Leonard Thompson. Dawa ile ya kwanza haikuwa safi, nayo haikumfaa sana. Mwenzao, James Collip, akaisafisha, na tarehe 23 Januari kijana akadungwa tena. Safari hii sukari yake ilishuka, akapata nguvu. Wagunduzi hao waliiuza haki yao ya dawa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja, kwa kuwa hawakutaka dawa ya uhai iwe mali ya mtu mmoja.

Lakini kupata dawa si sawa na kujua kipimo chake. Kwa miaka mingi mgonjwa aliyezidiwa alipewa insulini nyingi mno, pengine mamia ya yuniti kwa siku moja. Wengine walipona, lakini wengine sukari yao ilianguka ghafula. Katika miaka ya 1970 madaktari wa Uingereza, miongoni mwao George Alberti, walionyesha kwamba kipimo kidogo, kikitolewa mfululizo saa baada ya saa, kinatosha, tena kina salama zaidi.

Jina la Alberti lina uhusiano na nchi yetu. Baadaye alifanya kazi pamoja na madaktari wa Dar es Salaam, akina Donald McLarty na Andrew Swai, kupima kisukari katika vijiji vya Tanzania. Mwaka 1989 walitangaza kwamba katika vijiji sita walivyovipima, wenye kisukari walikuwa karibu mtu 1 tu katika kila watu wazima 100. Katika upimaji wa taifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ilionekana kama watu 9 katika 100. Umri na njia za kupima hazikuwa sawa kabisa, lakini hata hivyo maana yake ni wazi. Ugonjwa huu si wa mjini peke yake, wala si wa matajiri.

HOSPITALI INAFANYA NINI?

Sasa tumfuate kijana wetu hadi hospitali. Jambo la kwanza ni tone la damu la kidoleni. Kipimo hiki huchukua muda mfupi tu. Mtu mzima wa afya, kabla ya kula asubuhi, huwa na sukari kati ya 4 na 6. Kijana wetu ana 30. Kisha hupimwa ketoni katika mkojo au katika damu.

Hapa pana jambo kubwa. Mtoto mwenye malaria kali aweza kuishiwa na sukari, na hutiwa dripu ya sukari ili aokoke. Lakini dripu hiyo hiyo ikiwekwa kwa mtoto mwenye kisukari kilichozidi, ni kuongeza kuni katika moto. Watoto hawa wawili hufanana machoni. Kinachowatenga ni tone moja la damu. Basi kila mgonjwa anayetapika na kulegea apimwe sukari, hata kama kipimo cha malaria kimesema anayo. Mtu mmoja aweza kuwa na maradhi mawili.

Jambo la pili ni maji. Watu hudhani insulini ndiyo ya kwanza, lakini sivyo. Mgonjwa aliyekauka hupoteza kama mililita 100 za maji kwa kila kilo ya mwili wake. Fanyeni hesabu: kijana ana kilo 60. Mililita 100 mara 60 ni mililita 6,000, yaani lita 6. Ni karibu theluthi moja ya ndoo ya lita 20! Kwa hiyo hutiwa dripu ya maji ya chumvi, na kwa mtu mzima lita ya kwanza huingia katika muda wa saa moja. Mtoto hutiwa taratibu zaidi, kwa sababu ubongo wake waweza kuvimba.

Jambo la tatu ni potasiamu. Hii ni chumvi iliyomo katika ndizi na viazi, nayo ndiyo inayousaidia moyo kupiga sawasawa. Mgonjwa wetu ameipoteza nyingi kwa mkojo na matapishi. Insulini ikiingia, huisukuma potasiamu iliyobaki katika damu iingie ndani ya chembe. Ikishuka mno, moyo waweza kusimama. Ndiyo maana daktari huipima kwanza. Ikiwa chini ya 3.3, insulini hungoja hadi potasiamu iongezwe. Basi ukiona ndugu yako amewekewa maji na bado hajapewa insulini, usidhani ya kuwa amesahauliwa.

Jambo la nne, sasa, ni insulini yenyewe. Inayotumika mshipani ni ile nyangavu, inayofanya kazi upesi. Ile yenye rangi ya maziwa, inayofanya kazi polepole, haitiwi mshipani kamwe.

Huenda unauliza, kwa nini ipite mshipani, na si chini ya ngozi kama siku zote? Sababu ni mbili. Ya kwanza, mgonjwa amekauka, na damu imeikimbia ngozi ili kuulinda moyo na ubongo. Dawa ikidungwa chini ya ngozi hukaa pale pale, kisha huingia kwa kuchelewa, na pengine yote kwa mara moja. Ya pili, insulini iliyo mshipani hufanya kazi mara moja na huisha baada ya dakika chache. Kwa hiyo mwuguzi aweza kuongeza au kupunguza kila saa kwa kadiri sukari inavyokwenda. Ni kama mtu anayeshika usukani wa mtumbwi. Hauelekezi mara moja tu akaenda kulala.

Sasa shikeni kalamu. Kipimo ni yuniti 0.1 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Kijana wa kilo 60 atahitaji yuniti 6 kila saa. Mahali penye mashine ya kusukuma dawa, mashine huhesabu yenyewe. Mahali pasipo na mashine, mwuguzi aweza kutia yuniti 50 katika chupa ya maji ya chumvi ya mililita 500. Kila mililita 10 zina yuniti 1. Basi yuniti 6 ni mililita 60 kwa saa. Ikiwa mpira wa dripu unatoa matone 20 kwa mililita moja, mililita 60 ni matone 1,200. Gawanya kwa dakika 60, utapata matone 20 kwa dakika. Tena, kwa kuwa insulini hunata katika mpira wa dripu, mwuguzi humwaga kwanza kiasi kidogo kupitia humo, ndipo aunganishe na mgonjwa.

Hesabu hii nimeitoa ili uelewe kwa nini mwuguzi anasimama kando ya kitanda akiangalia saa na kuhesabu matone. Si kazi ya kufanya nyumbani hata kidogo. Wala ndugu wa mgonjwa asiiguse ile koki ya dripu akidhani anaharakisha uponaji. Mahali ambapo hakuna mtu wa kuangalia dripu kila saa, daktari aweza kuchagua kumdunga mgonjwa kila saa katika msuli; nayo ni njia iliyothibitishwa.

KWA NINI DRIPU HAITOLEWI UPESI?

Sukari hutakiwa ishuke polepole, kama 3 au 4 kwa saa. Kijana wetu alianza na 30 saa mbili asubuhi. Tukihesabu 4 kwa saa, saa tatu atakuwa na 26, saa nne 22, saa tano 18, na saa sita mchana 14.

Hapo utaona jambo litakalokushangaza. Mwuguzi ataleta dripu ya sukari! Ndugu wa mgonjwa hupiga kelele: "Mnamwua! Ana kisukari nanyi mnamtia sukari!" La, hawamwui. Sukari imeshuka, lakini asidi bado imo katika damu, nayo hukawia kuisha kuliko sukari. Asidi haiondoki bila insulini, na insulini peke yake ingeiangusha sukari mno. Basi hutiwa zote mbili pamoja, na mara nyingi insulini hupunguzwa nusu. Kwa kijana wetu ni yuniti 3 kwa saa, yaani matone 10 kwa dakika. Kinachotafutwa sasa ni damu isiyo na asidi, si sukari ndogo tu.

Mgonjwa akiacha kutapika, akaweza kula, na asidi ikaisha, hudungwa insulini ya chini ya ngozi. Lakini dripu haiondolewi papo hapo. Huachwa saa moja au mbili, mpaka ile ya ngozini ianze kazi. Dripu ikiondolewa mapema, kwa dakika chache tu mwili hauna insulini tena, na asidi hurudi. Kwa hiyo, ndugu, usimhimize daktari akuruhusu uende nyumbani kwa sababu eti mgonjwa amefumbua macho.

Katika hospitali zenye vifaa na watu wa kutosha, watu wazima wanaokufa kwa asidi ya kisukari ni chini ya 1 katika 100. Kwa hiyo mara nyingi kinachoua ni kuchelewa.

KAZI YAKO NYUMBANI

Kwanza, usiache insulini kwa sababu mgonjwa hali. Hili ndilo kosa kubwa. Watu husema, "Leo hajala kitu, basi asidungwe." Mwili wenye homa huhitaji insulini, na mara nyingi huhitaji zaidi. Kipimo chaweza kubadilishwa kwa shauri la kliniki, lakini mwenye kisukari cha kukosa insulini asiache kabisa hata siku moja. Vile vile asiiache kwa kuambiwa kwamba mizizi fulani au maombi yamemponya. Mwenye kuomba na aombe, lakini sindano iendelee.

Pili, itunze dawa. Pasipo na jokofu, tia chupa ya insulini katika mfuko usiopenya maji, uiweke ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga mbichi, mahali penye kivuli na upepo. Usiiache juani ndani ya mtumbwi, wala usiigandishe kwa barafu ya samaki. Ikiganda, imeharibika.

Tatu, jua kutofautisha. Sukari ikipanda mno, hali huja kwa siku kadhaa, na mgonjwa huwa mkavu mwenye kiu. Sukari ikishuka mno, hali huja ghafula, na mgonjwa hutoka jasho, hutetemeka, huwa mkali au hubabaika. Huyu wa pili mpe sukari au soda mara moja, kama anaweza kumeza. Ukishindwa kutofautisha, na mtu hutumia insulini na anaweza kumeza, mpe sukari kidogo umkimbize hospitali, kwa maana kushuka kwa sukari huua upesi zaidi. Aliyezimia usimtie kitu chochote kinywani.

Nne, usafiri. Kubalianeni leo, si siku ya msiba, nani ana gari au pikipiki ya kumfikisha mgonjwa kituo cha afya, na kutoka hapo hadi Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere, pale Kwangwa, Musoma. Chukueni cheti chake cha kliniki na dawa zake zote. Mkifika, semeni waziwazi: "Tunaomba apimwe sukari." Maneno hayo matatu hayana gharama.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini mwenye kisukari ana njaa ndani ya chembe zake ilhali damu yake imejaa sukari?
2. Mgonjwa ana kilo 50. Atahitaji yuniti ngapi za insulini kwa saa, na matone mangapi kwa dakika kwa dripu tuliyoieleza? (Jibu: yuniti 5, matone 17 hivi.)
3. Jirani yako anataka dripu ya sukari iondolewe kwa mwanawe. Utamweleza nini?
4. Katika kijiji chenu, ni nani aliye na chombo cha safari usiku?

Swali la nne msilijibu kwa mdomo tu. Andikeni jina na namba ya simu, mbandike mahali ambapo kila mtu ataona. Juma lijalo tutazungumza juu ya vidonda vya miguu vya wenye kisukari. Hadi hapo, kwa herini, na Mungu awape afya njema.